Kifurushi Kimefika Kimeharibika: Nani Alipe, na Namna ya Kudai Mpaka Ulipwe

Madai mengi ya vifurushi vilivyoharibika hukwama kwa moja ya mambo matatu: mpokeaji alisaini kwamba kila kitu ni kizima, boksi lilitupwa kabla halijakaguliwa, au barua ilipelekwa kwa mtu asiyehusika. Haki ilikuwepo. Kilichokosekana ni ushahidi wa dakika kumi za kwanza na jina sahihi la wa kumdai.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kifurushi kinapofungwa hadi pesa inapoingia. Kama kimeshavunjika na kiko mezani mwako sasa hivi, usikiguse tena. Ruka hadi hatua ya 4.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye kamera, chaji ya kutosha na nafasi ya kurekodi video ya dakika tano bila kukatika.
- Kisu chenye ncha fupi. Kisu kirefu huacha mkwaruzo kwenye bidhaa, na mkwaruzo huo utahesabiwa kuwa ni wako.
- Rula au futi ya kupimia.
- Mizani, hata ya jikoni. Uzito wa kifurushi ndio mara nyingi unaoamua kiwango cha juu cha fidia.
- Kalamu ya wino. Usitegemee kalamu ya aliyekuletea mzigo.
- Namba ya ufuatiliaji na nakala ya hati ya mzigo.
- Ankara au risiti ya bidhaa, na risiti ya malipo ya usafirishaji.
- Masharti ya msafirishaji kama yalivyokuwa siku kifurushi kilipotumwa. Yapakue na uyahifadhi, kwa sababu hubadilishwa kwenye tovuti bila kupigiwa mbiu.
- Mfuko mkubwa au kona kavu ya kuhifadhia boksi na vyote vilivyokuwamo.

## Kwanza jua unamdai nani

Shika kanuni hii na utajiepusha na wiki kadhaa za kuzungushwa: unamdai yule uliyewekeana naye mkataba. Dereva aliyekukabidhi mzigo mlangoni si mdaiwa wako. Wala kampuni ndogo iliyopewa kipande cha mwisho cha njia si mdaiwa wako. Msafirishaji aliyeupokea mzigo kwa mtumaji hujibu kwa makosa ya wote aliowatuma njiani.

Umenunua dukani kwa matumizi yako, na duka ndilo lililopanga usafiri. Mdai muuzaji. Katika Umoja wa Ulaya, Maelekezo 2011/83/EU, kifungu cha 20, yanasema hatari ya kupotea au kuharibika humhamia mnunuzi pale tu anapoishika bidhaa mkononi. Uingereza ina kanuni hiyohiyo katika sheria ya haki za walaji ya 2015, kifungu cha 29. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "malizana na kampuni ya usafirishaji", anakusukumia mzigo wake. Kudai kwa msafirishaji ni kazi yake yeye, kwa kuwa ndiye aliyemlipa.

Kuna mlango mmoja wa kuchunga. Ukimtuma msafirishaji wako mwenyewe, ambaye hakuwa katika orodha ya muuzaji, hatari inakuwa yako tangu mzigo unapokabidhiwa kwake.

Umelipia usafiri mwenyewe. Mdai msafirishaji moja kwa moja.

Umetumiwa zawadi au mzigo na ndugu. Mkataba ni wa mtumaji, na kampuni nyingi humsikiliza yeye peke yake. Mpelekee ushahidi siku hiyohiyo afungue madai, au akuandikie barua ya idhini inayotaja namba ya kifurushi.

Mauziano ya biashara kwa biashara. Angalia herufi tatu za Incoterms zilizo kwenye ankara, yaani vifupisho vya kimataifa vinavyogawa gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi. Kwenye DAP, DPU na DDP, hatari iko kwa muuzaji mpaka mzigo ufike mahali palipotajwa. Kwenye EXW na FCA, inahama mapema, huko mzigo unakotoka. Zinazowaumiza watu ni CPT na CIP: muuzaji analipa nauli mpaka mwisho wa safari, mnunuzi akadhani na hatari ni ya muuzaji, kumbe ilishamhamia mnunuzi mzigo ulipokabidhiwa kwa msafirishaji wa kwanza. Chini ya CIP muuzaji anatakiwa pia kukata bima kwa ajili ya mnunuzi, basi omba cheti chake kabla mzigo haujaondoka.

Kifurushi cha posta. Posta hufuata taratibu za Umoja wa Posta Duniani. Barua ya kawaida haina fidia. Barua ya rejista, barua yenye bima na vifurushi vinayo. Ombi la ufuatiliaji hufunguliwa ndani ya miezi 6, kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma. Lakini taarifa ya uharibifu haisubiri miezi hiyo; mpokeaji anapaswa kuitoa wakati wa kupokea, au bila kuchelewa mara anapougundua.

Utajua umefanikiwa: unaweza kuandika jina la mdaiwa mmoja na jina la hati inayowafunga, yaani risiti, ankara au hati ya mzigo. Ukiwa na majina mawili bado hujamaliza hatua hii.

## Hatua ya 1: Mtumaji afunge na kupiga picha

Kama wewe ni mpokeaji tu, mpe mtumaji sehemu hii kabla hajatuma.

Fungia kwa boksi gumu, jipya ikiwezekana. Katoni iliyokwisha kusafiri imelegea kwenye mikunjo hata kama inaonekana nzima, na katoni iliyonyonya unyevu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Bidhaa nzito au ya kuvunjika inataka katoni ya kuta mbili, ile ambayo ukiikata unaona mawimbi mawili ya karatasi.

Acha sentimita 5 za mto, yaani vitu laini vya kukinga bidhaa, kila upande, juu na chini pia. Mto uwe unabana: ukifunga boksi na kulitikisa, usisikie wala kuhisi kitu kikitembea. Nguo na magazeti yaliyokunjwa ovyo hushuka njiani, na sentimita 5 za asubuhi hugeuka 2 jioni. Kioo na vifaa vya kielektroniki vinataka boksi ndani ya boksi, na nafasi ya mto kati ya hayo mawili.

Tepu iwe ya plastiki au karatasi yenye nguvu, upana wa kama sentimita 5, ipigwe kwa umbo la herufi H juu na chini: mstari mmoja katikati, na mmoja kwenye kila ukingo wa pembeni. Uzi na tepu ya karatasi ya wapaka rangi havifai.

Kipimo cha kujipa moyo ni hiki. Jaribio la ISTA 1A, linalotumika viwandani kupima vifungashio, huangusha kifurushi cha chini ya kilo 10 mara kumi kutoka sentimita 76: kwenye kona moja, kingo tatu na pande zote sita. Kama usingethubutu kuliangusha boksi lako kutoka urefu wa meza, halijawa tayari kusafiri.

Piga picha nne: bidhaa ikiwa nzima na namba yake ya utambulisho ikisomeka, bidhaa ndani ya mto, boksi likiwa limefungwa, na lebo ikiwa imebandikwa.

Tahadhari: maneno "vunjika, shika taratibu" hayaongezi kiwango cha fidia wala hayasahihishi kifungashio dhaifu. Mashine za kuchambua vifurushi hazisomi maneno hayo. Yabandike, lakini usiyategemee. Na ukituma kitu chenye betri ya lithiamu, itangaze. Betri iliyofichwa huwapa sababu ya kukataa madai yote, hata kama kilichovunjika hakihusiani na betri.

Hapa pia ndipo unapoamua kama utatangaza thamani au kukata bima, na vitu hivi viwili si kimoja. Kutangaza thamani na kulipia nyongeza kunapandisha kikomo cha anachoweza kudaiwa msafirishaji, lakini bado lazima awe anawajibika. Bima ya mzigo hulipa kwa tukio lililotajwa kwenye hati ya bima, hata pale msafirishaji asipokuwa na kosa. Zote mbili kwa kawaida hukwepa kifungashio kibovu.

## Hatua ya 2: Kagua nje kabla ya kusaini

Sekunde thelathini zinatosha. Geuza kifurushi uone pande zote sita na kona zote nane. Tafuta:

- kona iliyobonyea au ukingo uliopondeka;
- tundu au mchaniko, hasa tundu refu jembamba la meno ya gari la kunyanyulia mizigo;
- alama ya maji, au karatasi iliyolegea na kuvimba;
- tepu juu ya tepu, hasa yenye rangi tofauti au jina la msafirishaji. Hiyo huonyesha kwamba kifurushi kilipasuka au kilifunguliwa, kikafungwa upya njiani.

Kisha kiinamishe polepole upande mmoja na mwingine. Usikitikise. Ukisikia mchakacho wa vigae, uharibifu umeshajitangaza.

Tahadhari: ukiambiwa "saini kwanza, utakagua baadaye", jibu kwa upole kwamba unaangalia nje tu. Saini isiyo na maelezo husomwa kama ushahidi wa awali kwamba mzigo ulifika mzima. Inaweza kupingwa, lakini kazi ya kupinga inakuwa yako.

## Hatua ya 3: Saini kwa maneno yanayotaja kitu

"Nimepokea kwa masharti ya kukagua" ni maneno dhaifu, kwa kuwa hayataji kilichoonekana. Andika unachokiona, mahali kilipo na ukubwa wake:

> Kona mbili za chini zimebonyea. Tepu ya juu imechanika sm 12. Ndani hapajakaguliwa.

Kama unasaini kwenye skrini isiyo na nafasi ya maelezo, mwombe aliyekuletea aandike yeye kwenye kifaa chake, kisha uipige picha skrini. Akikataa, piga picha ya kifurushi akiwa bado yupo, uitume kwa barua pepe ya msafirishaji na ya muuzaji papo hapo. Saa ya ujumbe huo itasimama mahali pa maelezo uliyonyimwa.

Upokee au ukatae? Kama muuzaji ndiye anayewajibika na boksi limepasuka wazi, kataa, na taja sababu kwa maandishi. Kama mkataba wa usafiri ni wako, pokea na uandike dosari. Kifurushi kilichokataliwa kinarudi bohari, kinapigwa na safari nyingine, na ukija kukiona tena huwezi kutenganisha kidonda cha kwanza na cha pili.

Utajua umefanikiwa: unayo nakala au picha ya maelezo ya dosari, yenye tarehe na saa.

## Hatua ya 4: Fungua mbele ya kamera

Hapa ndipo panapookoa madai ya uharibifu uliojificha, pale boksi lilipoonekana zima na kitu kikawa kimevunjika ndani. Bila video utaambiwa ulikiangusha mwenyewe jikoni, na hutakuwa na cha kuonyesha.

Weka simu mahali imara. Anza na lebo, namba ya ufuatiliaji isomeke. Zungusha boksi pande zote sita. Kata tepu kwa kina cha milimita chache. Toa mto kipande kwa kipande, halafu bidhaa. Usikate video, na usitoe kifurushi nje ya picha hata kwa sekunde mbili.

Kisha piga picha za kawaida, kwa mwanga wa mchana:

1. Lebo na hati ya mzigo.
2. Kila upande wa boksi, na karibu zaidi kila palipoumia.
3. Muhuri wa mtengenezaji wa katoni, kama upo. Mara nyingi hupigwa chini ya boksi, ukionyesha uzito au mgandamizo ambao katoni imetengenezwa kuustahimili.
4. Ukingo wa katoni uliokatwa, ili kuta zihesabike.
5. Mto kama ulivyokutwa, rula ikiwa imesimama kati ya bidhaa na ukuta wa boksi.
6. Bidhaa nzima, kisha jeraha lake kwa karibu, rula ikiwa pembeni.
7. Namba ya utambulisho ya bidhaa.

Picha ya nane ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na karibu hakuna anayeipiga. Rudisha bidhaa ndani ya boksi kama ilivyokuwa imekaa, kisha piga picha inayoonyesha jeraha la nje likikutana na jeraha la ndani. Tuseme ni skrini ya kompyuta: kona ya chini kulia ya katoni imezama sentimita 4, na ufa wa kioo unaanzia kona hiyohiyo na kutawanyika kama mizizi kuelekea katikati. Mkaguzi akiona hivyo, hoja ya "labda ilitoka kiwandani hivyo" inakufa yenyewe.

Pima uzito wa kila kitu pamoja, boksi na vifungashio vikiwemo, na uandike.

## Hatua ya 5: Hifadhi kila kitu, usitengeneze

Boksi, mto, vipande, tepu, lebo: vyote vinakaa. Usipeleke bidhaa kwa fundi, usiitumie, na usiirudishe kwa muuzaji kabla msafirishaji hajakagua au hajaandika kwamba hahitaji kukagua. Boksi lililotupwa ndilo jibu rahisi kuliko yote la kukataa: "hatukuweza kuthibitisha."

Kitu kinachovuja au kinachooza hakisubiri. Kitenganishe na vingine ili uharibifu usienee, piga picha, na uombe ruhusa ya maandishi kabla ya kukitupa. Ukiacha hasara ikue huku ungeweza kuizuia, nyongeza hiyo haitalipwa.

## Hatua ya 6: Toa taarifa ya maandishi ndani ya muda

Kupiga simu hakuhesabiki. Taarifa lazima iwe ya maandishi na iwe na tarehe.

Kwa ndege, nchi hadi nchi. Mkataba wa Montreal wa 1999, kifungu cha 31, unatoa siku 14 tangu kupokea mzigo ulioharibika. Zikipita bila maandishi, madai yamekufa, isipokuwa pawepo udanganyifu wa msafirishaji. Kwenda mahakamani mwisho ni miaka 2.

Kwa barabara, kati ya nchi zinazofuata mkataba wa CMR wa 1956. Uharibifu unaoonekana hutajwa wakati uleule wa kupokea. Uliojificha una siku 7, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Mwisho wa mahakama kwa kawaida ni mwaka 1.

Ndani ya nchi moja. Soma masharti ya msafirishaji na sheria ya nchi husika. Masharti mengi ni mafupi kuliko mikataba hiyo, hivyo njia salama ni kuandika siku hiyohiyo. Hakuna faida ya kungoja: taarifa ya kwanza haihitaji hesabu kamili ya hasara.

Unaweza kutumia maneno haya:

> Kifurushi namba ____, kilichopokelewa tarehe ____ saa ____, kimefika kikiwa kimeharibika. Nje: kona ya chini kulia imebonyea sm 4. Ndani: kioo cha mbele kimepasuka kuanzia kona hiyohiyo. Kwa barua hii nawataarifu kwamba nadai fidia. Thamani kwa mujibu wa ankara ni ____. Gharama kamili nitaiwasilisha baada ya tathmini. Bidhaa na vifungashio vyote vimehifadhiwa na viko tayari kukaguliwa. Naomba namba ya shauri na tarehe ya ukaguzi kwa maandishi.

Itume kwa barua pepe, na pia kwenye fomu ya madai ya tovuti kama ipo. Fomu nyingi hazikuachii nakala, kwa hiyo piga picha ya skrini kabla na baada ya kubonyeza.

Hata kama mdaiwa wako ni muuzaji, mpelekee msafirishaji nakala. Inalinda haki ya muuzaji ya kudai, na muuzaji mwenye haki hai hulipa kwa moyo mwepesi zaidi.

Utajua umefanikiwa: unayo namba ya shauri. Bila namba hiyo, chukulia kwamba hakuna aliyekusoma.

## Hatua ya 7: Piga hesabu ya unachoweza kupata

Watu wengi hufika hapa wakitarajia bei kamili, wakapigwa na butwaa. Msafirishaji kwa kawaida ana kikomo kinachohesabiwa kwa kilo, si kwa bei.

Chini ya Mkataba wa Montreal kikomo ni SDR 26 kwa kilo, tangu tarehe 28 Desemba 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 22. Chini ya CMR ni SDR 8.33 kwa kilo. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwa miaka ya karibuni moja imekuwa ikizunguka dola 1.3 hadi 1.4 za Marekani.

Chukua simu ya dola 500 iliyosafiri kwa ndege katika kifurushi cha kilo 0.6. Hesabu ni 0.6 mara 26, yaani SDR 15.6, sawa na dola ishirini na kitu. Skrini ya kilo 9 inafika SDR 234, zaidi ya dola 300. Ndiyo maana vitu vyepesi vya thamani kubwa haviendi bila thamani iliyotangazwa au bima. Kwa mizigo ya ndege kikomo hiki hakivunjwi hata ukithibitisha uzembe mkubwa. Njia ya kukipita ni kutangaza thamani na kulipia nyongeza wakati wa kutuma. Kwenye CMR kinaweza kuanguka ukithibitisha kosa la makusudi.

Kikomo hiki hakimhusu muuzaji anayedaiwa na mlaji. Yeye anadaiwa bidhaa nzima au pesa yote, na hii ni sababu nyingine ya kutokubali kusukumwa kwa msafirishaji.

Jambo dogo lenye pesa ndani yake: kwa ndege, kama kuharibika kwa boksi moja kunashusha thamani ya mengine yaliyo kwenye hati ileile, uzito wa yote huhesabiwa. Spika mbili za seti moja zikisafiri kwa maboksi mawili chini ya hati moja na moja ikavunjika, dai kwa uzito wa maboksi yote mawili.

Ambatisha ankara, makadirio ya fundi yenye jina na tarehe, na risiti ya nauli. Kama kinatengenezeka, tarajia kulipwa matengenezo. Kama kimetumika, tarajia wapunguze uchakavu.

## Hatua ya 8: Jibu wanapokataa

Kukataliwa mara ya kwanza ni kawaida, na barua hizo zinafanana sana. Jibu kila sababu kwa ushahidi wake.

"Kifungashio hakikutosha." Hili ndilo jibu linalotumika zaidi, na lafaa kupimwa kwa haki kabla ya kulipinga. Kama boksi ni zima kabisa na kitu kimevunjika ndani, inawezekana kweli mto haukutosha. Mlaji hapo anageukia kwa muuzaji, na kwake haijalishi kosa ni la kufunga au la kubeba: yote mawili yako upande wa muuzaji. Lakini kama boksi limetobolewa, limepondwa au limelowa, hakuna mto wa sentimita 5 uliokusudiwa kuzuia hayo.

Chini ya Mkataba wa Montreal, ni msafirishaji anayepaswa kuthibitisha kwamba uharibifu ulitokana na kifungashio kibovu, tena kwa kiasi anachoweza kuthibitisha tu. Kwenye CMR kazi yake ya kuthibitisha ni nyepesi zaidi: akionyesha kwamba uharibifu ungeweza kutokana na kifungashio, inachukuliwa kuwa ndivyo mpaka wewe uonyeshe vinginevyo. Kwa vyovyote, muulize kwa maandishi: ni sehemu gani ya kifungashio, kwa kipimo gani, na nani alikagua lini? Kisha ambatisha picha ya rula, ukingo wa katoni na ile picha ya nane. Kama hakuna aliyekuja kukagua, liseme hilo katika sentensi ya kwanza.

"Ulisaini kuwa ni kizima." Jibu kwamba uharibifu ulijificha, taja muda ambao mkataba unaruhusu kutoa taarifa, na peleka video.

"Bidhaa hii haifidiwi." Kweli baadhi ya masharti huondoa vioo, fedha taslimu, vito au vitu vya sanaa. Linganisha na masharti ya siku ya kutuma, si ya leo. Nakala uliyoihifadhi mwanzoni inafanya kazi hapa.

"Mtumaji ndiye anayepaswa kudai." Usibishane. Leta barua ya idhini.

"Muda umepita." Peleka picha ya skrini ya taarifa yako ya kwanza. Kama muda ulipita kweli kwa msafirishaji, mlango wa muuzaji unaweza kuwa bado wazi.

Ukigonga mwamba, panda kwa mpangilio: kitengo cha malalamiko cha kampuni hiyohiyo, kisha bima au benki iliyotoa kadi uliyolipia, kisha mamlaka inayosimamia posta na vifurushi au haki za walaji, mwisho mahakama ya madai madogo pale ilipo. Benki nazo zina muda wao wa kupokea pingamizi la malipo, na muda huo hautembei polepole kwa sababu msafirishaji bado "anachunguza". Uliza tarehe ya mwisho mapema.

## Hatua ya 9: Soma karatasi ya malipo kabla ya kuisaini

Wakikubali, utapewa fomu. Angalia mambo matatu.

Kwanza, kiasi. Linganisha na hesabu ya hatua ya 7, na uliza kama nauli imo. Chini ya CMR nauli hurudishwa yote mzigo ukiangamia, na kwa uwiano ukiharibika sehemu.

Pili, maneno "malipo kamili na ya mwisho". Ukisaini hapo huwezi kurudi hata fundi akigundua kesho kwamba ubao wa ndani nao umepasuka. Kama ukaguzi wa fundi haujakamilika, usisaini.

Tatu, bidhaa yenyewe. Wakilipa thamani yote wanaweza kuichukua. Kama kuna kumbukumbu zako ndani yake, picha au faili, zihamishe na uzifute kwanza.

Boksi likae palepale mpaka pesa isomeke kwenye akaunti yako.